Nusu ya Mdudu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Kati ya hivi viwili sijui kipi kitaacha kwanza.

Daftari nimepewa na mpangaji wangu, yule binti aliyekuja kukaa chumba cha nyuma. Anatoka jumba la makumbusho huko mji mkubwa, na kazi yake ni wadudu. Si kuwaua, hapana, kuwasoma. Na si hawa tunaowafukuza kwa ufagio. Ni wadudu waliokwisha kufa wote, hakuna hata mmoja aliyebaki duniani. Mimi namwita Binti wa Wadudu, yeye anacheka tu. Leo nilimuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa, mwisho akasema, "Mama, hebu yaandike, jioni nitakujibu yote kwa pamoja." Nikajua kanikimbia kwa adabu. Lakini daftari nimepokea, mimi cha bure sikatai.

Shule niliiacha walipofika kwenye kugawanya. Kwa hiyo mwandiko utavumiliwa.

Maswali ya leo: kama wamekufa wote, nani alikuambia waliishi? Na hiyo kazi, mama yako anaijua?

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nguo za watu ninazofua hazikauki. Sina la kusema, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Jumamosi, 9 Machi

Leo ameniambia kilichomleta. Ngoja nikipange, maana hata mimi kimenichanganya.

Hapa wanaume wengi ni wapasua mawe. Yadi iko mwisho wa barabara, wanatoa mawe bapa ya kuweka sakafuni. Jiwe linapasuliwa na watu wawili, mmoja anashika patasi, mwenzake anapiga nyundo. Marehemu mume wangu alikuwa mpigaji. Kwa miaka ya mwisho mshikaji wake alikuwa Fundi Kimya, na jina lenyewe linakueleza. Ukimsalimia Jumatatu anaitikia Jumatano.

Sasa mara moja moja jiwe likifunguka ndani kuna picha. Jani, au samaki, au kidudu. Picha inakuwa pande zote mbili, kama umekunja karatasi yenye wino mbichi. Desturi ya yadi ni kwamba jiwe la hivyo haliuzwi. Mpigaji anachukua nusu, mshikaji anachukua nusu, na hakuna anayesemea nusu ya mwenzake. Wameikuta hivyo, hawaulizi. Wengi wanalitia kizingitini au uani, na wanalilaza sura chini, maana upande wenye picha ukikaa juu maji yanaingia, jiwe linabanduka kama chapa ya fulana ya bei rahisi.

Fundi Kimya alikuwa na nusu moja nyuma ya mlango wake. Juzijuzi aliugua kifua, Msimamizi wa yadi akaenda kumwona, akaliona jiwe, akalipiga picha kwa simu, akaituma makumbusho. Ndiyo huyo mdudu wa binti yangu. Ukimtandaza mabawa anajaza sinia. Nimeonyeshwa picha, mwili ukanisisimka. Mimi nondo tu akiingia kwenye nguo za watu nafukuza mtaa mzima.

Lakini nusu ya Fundi imemeguka shingoni. Na shingo ndiyo inayotakiwa. Binti anasema wadudu wa ukoo huo walikuwa na mabawa sita, manne makubwa ya kurukia na mawili madogo karibu na kichwa. Kama kola, nikamwambia. Akafikiri, akasema ndiyo, Mama, kama kola. Bila kuiona hiyo kola hawezi kusema huyu ni wa ukoo gani. Kwa hiyo anaitafuta nusu ya pili.

Fundi anaulizwa nusu ya pili anayo nani, anasema, "Hiyo si yangu kuisema." Ameshika patasi na wapigaji chungu nzima, wengine wamehama, wengine wamekufa. Binti aliniuliza mimi pia. Nikamwambia ndugu yangu, humu ndani hamna picha ya mdudu, ningeiona, na marehemu hakuwa mtu wa kunificha kitu. Hata angetaka angeshindwa.

Sasa hapa ndipo penye kazi. Mawe ya hivyo kuyauza ni kosa la sheria. Msimamizi kasema nusu isipoonekana maana yake imeuzwa, na aliyeuza ni Fundi. Akithibitisha anamtoa yadi, na kile chumba anacholala ni cha yadi, kwa hiyo na chumba anatoka. Mzee wa watu na kifua chake, mvua hii.

Jumanne, 12 Machi

Nimeuliza huyo mdudu ni wa lini. Akasema kabla ya ndege. Nikasema sawa. Akasema kabla ya maua. Nikasema subiri.

Dunia haina ua hata moja? Hata lile la porini lisilo na jina? Akasema hata hilo. Na angani hakuna ndege, hakuna popo. Ni huyu na wenzake tu wanaruka. Sasa nimelala nao, nimeamka nao. Mabawa sita, anga yote yake. Anakwenda wapi? Anamkimbia nani? Binti anasema alikuwa na mdomo mrefu kama sindano, anafyonza utomvu wa miti. Nikasema basi angefaa kwa fundi cherehani. Alicheka mpaka akakohoa, lakini swali langu hakulijibu, naona hata yeye jibu halijui.

Jumapili, 17 Machi

Nimekumbuka kitu. Mwaka aliofariki mume wangu, wiki ileile ya msiba, nilichungulia dirishani nikamwona Fundi Kimya anapakia kitu bapa kwenye pikapu. Kimefungwa gunia. Anaangalia huku na huku. Mtu mwenye jiwe halali anaangalia huku na huku?

Halafu toka siku ile hajakanyaga kwangu. Mtu aliyekula na mume wangu sahani moja, hata kuja kusema shemeji pole na upweke, hakuna. Tukikutana njiani ni "Shemeji, hujambo," huyo anapita. Nilikuwa nadhani ni maringo. Kumbe ni dhamiri inamsuta.

Nimemwambia Jirani peke yake, yule muuza mkaa, maana pasi yangu inakula mkaa wake na mtu lazima uongee huku anapima. Nimemwambia asiseme.

Jumatano, 20 Machi

Habari imerudi kwangu kwa mlango wa mbele. Pikapu imekuwa lori, na mnunuzi ana meno ya dhahabu. Meno sikuyaweka mimi.

Jumatatu, 25 Machi

Msimamizi amekuja mwenyewe, na mwavuli, kafuta miguu mlangoni kama mtu wa posa. Akaniuliza uliona au ulisikia? Nikasema niliona. Akauliza ulimwona nani? Nikasema Fundi, na gunia, na pikapu. Meno nikayaacha. Akashukuru. Akasema Jumamosi ya katikati ya Aprili atawaita watu wote yadini alimalize.

Baada ya kuondoka nilijisikia mtu mkubwa. Halafu baadaye kidogo nikajikuta nafua shati moja mara tatu. Binti akaendelea kupanga karatasi zake. Nikamwambia, si unataka ukweli? Akasema, "Mama, mimi nataka shingo ya mdudu. Sitaki shingo ya mtu."

Na mchana huohuo Fundi alipita nje, kalowa. Najua keshasikia, hapa hata kobe keshasikia. Alisimama, akaniangalia, akaangalia ua wangu, akasema, "Shemeji, hujambo." Hana hasira hata kidogo. Sielewi. Mimi mtu akinisema hivyo ningekuja na ngoma.

Ijumaa, 5 Aprili

Mvua haina adabu. Maji yanapita katikati ya ua kama yana haraka ya kwenda kazini. Shuka za nyumba ya wageni nimezianika chumbani kwangu, nalala chini yake kama maiti.

Jumatatu, 8 Aprili

Andika, mwanamke, andika.

Mimi nafulia juu ya jiwe. Sijalitaja humu kwa sababu nani anataja sufuria yake? Ni bamba pana, laini, alilileta marehemu mwaka ule wa mwisho. Nilikuwa nimemsumbua kwa jiwe la kufulia tangu tuoane, kila siku analeta udhuru, hili jembamba, lile linakwaruza. Halafu siku moja akaja nalo kwenye mkokoteni na Fundi Kimya anasukuma nyuma. Wakalilaza wenyewe, wakanituma nikachemshe chai. Nilipotoka liko tayari, limekaa kama meza.

Leo asubuhi limeinama. Maji yamekula udongo upande mmoja. Nikapiga magoti nisukume tofali chini yake lisimame sawa. Mkono wangu ukagusa upande wa chini.

Mikono hii imefua kila aina ya nguo. Inajua pindo, inajua lesi, inajua pazia la harusi gizani. Chini ya jiwe langu kulikuwa na lesi.

Nikaenda kuchukua kile kioo kidogo cha marehemu cha kunyolea, kipo msumarini tangu afariki, nikakilaza kwenye tope chini ya jiwe, nikainama mpaka shavu likagusa sabuni. Kioo kikanionyesha bawa. Nikakisogeza, bawa lingine. Nikakisogeza tena, kichwa, na pale shingoni, ndugu yangu, kola.

Nikarudisha tofali. Nikamwaga maji ya sabuni juu ili niwe nafanya kitu.

Jumanne, 9 Aprili

Sikufua. Binti kaniuliza kama naumwa. Nikasema mgongo.

Alhamisi, 11 Aprili

Kichwa kimejaa kama beseni la jeshi. Ngoja nitoe nguo moja moja.

Kwanza, mume wangu alinificha. Yule aliyekuwa hawezi kunificha hata soksi iliyotoboka. Kwa nini? Alidhani mimi nani?

Pili, Fundi anajua, tangu siku ya kwanza anajua. Neno moja lingemtoa, aseme tu nendeni kwa dobi mkageuze. Hakulisema. Ananiona namchafua mtaani, anajibu hujambo. Huyu ni mtu mwema au ni mpumbavu, au ananicheka? Nimemfikiria vyote vitatu kabla ya kunywa chai.

Tatu, pikapu. Mbona pikapu ilikuwepo? Macho yangu hayajawahi kudanganya.

Nne, jiwe. Nikisema, linaondoka. Ndicho kitu pekee alichonipa marehemu ambacho sijakichakaza, maana hata mimi nimezeeka kidogo. Na nikisema, kila mtu atajua kwamba mwizi niliyemtangaza hakuna, na nusu iliyotafutwa ilikuwa chini ya makalio ya beseni langu. Nikinyamaza, Jumamosi Fundi anatoka na mkeka wake kwenye mvua.

Sijawahi kunyamaza maishani. Ajabu ni kwamba siku hizi tatu imekuwa rahisi, hata Jirani kapima mkaa tukaongea bei tu. Hilo ndilo linaniogopesha zaidi.

Nilimuuliza Binti, mdudu wako alikufaje. Akasema labda upepo ulimwangusha majini, akazama kwenye tope laini, tope likamfunika. Nikauliza, hakupiga kelele? Akasema, "Sijui, Mama. Kelele haikai kwenye jiwe."

Jumamosi, 13 Aprili

Nimerudi sasa hivi, viatu viko mlangoni vizito kwa tope. Nitaandika yote.

Yadini walijaa chini ya bati, mvua inapiga mpaka Msimamizi anapaza sauti. Fundi alikuwa amekaa kwenye rundo la mawe, kofia magotini. Kibegi chake kilikuwa pembeni, kashafungasha kabla hajaambiwa. Kile kibegi ndicho kilichonimaliza. Msimamizi akaeleza, akasema yupo shahidi aliyeona, akanionyesha kwa mkono. Watu wote wakageuka na kusogea karibu, wanajua nikisimama mimi kuna burudani.

Nikasimama. Ulimi huu, unaotembea peke yake bila mwenyewe, ukagoma. Nikatazama bati, nikatazama miguu.

Nikasema, "Nusu ya pili iko kwangu. Nafulia nguo juu yake."

Wakacheka. Yadi nzima. Jirani alijipiga paja. Mmoja wa wapasuaji akauliza, na mwenye meno ya dhahabu ndiye anayekamua? Nikasema ni kweli, nimeona kwa kioo, wakazidi kucheka, kwa kioo, wakashikana mabega. Basi nimeishi na mdomo huu miaka yote, nimewapa ya uongo wakayabeba mpaka mji wa pili, leo nawapa ya kweli yananirudia usoni. Nikaanza kulia. Nikaona wanadhani hata kulia ni sehemu ya mchezo.

Ni Fundi aliyenyanyuka. Alichukua mtaimbo ukutani, akavaa kofia, akatoka kwenye mvua, akashika njia ya kwangu. Binti akamfuata mbio. Kicheko kikaisha kama maji ya bomba, kwa kukatikakatika, kisha watu wote wakatoka.

Uani kwangu wakasimama mduara. Fundi akaingiza mtaimbo chini ya jiwe, wapasuaji wanne wakashika. Msimamizi kafunga mwavuli, kashika na yeye. Likanyanyuka, likasimama wima, wakaliegemeza kwenye ukuta wa choo. Mvua ikaliosha. Mimi nimefua vitu vingi lakini sijawahi kuona kitu kinatakata hivyo. Mabawa manne yana michirizi kama mishipa ya mkono wa mzee, na madoadoa, hata madoa yake yamebaki. Na mawili madogo shingoni, yamesimama, kama mtoto aliyevalishwa sare siku ya kwanza.

Binti alipiga magoti kwenye maji ya sabuni, sketi yote. Hakuligusa. Alihesabu kwa kidole hewani, akahesabu tena. Halafu akaniangalia akasema, "Mama, ulikuwa unamlinda." Nikamwambia mwanangu mimi nilikuwa nafua.

Msimamizi akamwomba Fundi radhi mbele ya watu. Fundi akaitikia kwa kichwa. Wakaondoka mmoja mmoja, na Jirani wa mwisho, alitaka kusema kitu, nikamtazama, akaondoka.

Jumapili, 14 Aprili

Fundi kaja. Kaingia uani, kakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, kapokea chai. Mara ya kwanza tangu msiba.

Nilimuuliza kwa nini hukusema. Akanywa kikombe chote kwanza. Kisha akaongea, nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa. Alisema, "Shemeji, jiwe lile lilikuwa laini kuliko yote tuliyowahi kupasua. Mumeo akasema hili ndilo la mke wangu, lakini lina mdudu, na mke wangu mdudu hamtaki, hatafulia juu yake. Na akijua yeye, mji mzima utakuwa uani. Tukalilaza sura chini. Akaniambia nisikuambie. Amekufa hajaniambia sasa sema."

Nikauliza mbona ulinikimbia. Akasema, "Wewe mtu akinywa chai yako moja anakuambia hata alichoota utotoni." Nikacheka na huku nalia, sijui kipi kilitangulia.

Nikakusanya nguvu nikauliza pikapu. Akaangalia ndani ya kikombe. Akasema lile lilikuwa jiwe la kaburi la marehemu, alilipasua mwenyewe, hakutaka nilione kabla halijawekwa. Mimi nilikuwa nadhani ni la yadi. Nimelipangusa vumbi miaka yote hii, sikuwahi kuuliza limetoka kwa nani. Mimi, ninayeuliza kila kitu.

Kwa hiyo macho yangu yaliona sawa. Jiwe, gunia, pikapu, yote yalikuwepo. Sasa niyaamini au nisiyaamini? Binti kasema hata wao makumbusho wanateseka hivyohivyo, wana bawa mkononi na bado hawajui lilikuwa linakwenda wapi.

Nimekwenda mlango kwa mlango kusema nilikosea. Mlango wa tatu wameniuliza, hii nayo ni kweli?

Jumanne, 30 Aprili

Lori la makumbusho limechukua nusu zote mbili, zimefungwa blanketi pamoja. Lori la kweli, Jirani kalihakikisha. Binti kaenda nalo, kanikumbatia mpaka nikanuka karatasi. Kaniachia daftari. Nafulia kwenye beseni. Mgongo sasa unauma kweli, adhabu ya uongo wa siku ile.

Uani pale lilipokuwa jiwe pana shimo la mraba limejaa maji. Jana alitua kereng'ende, akakaa, akaondoka. Mabawa manne tu. Nilimwonea huruma.

Jumamosi, 11 Mei

Jua. Nimeanika kila kitu, hata mapazia yasiyo machafu.

Fundi kaleta jiwe kwa mkokoteni. Kanituma nikachemshe chai. Safari hii nilisimama nyuma ya dirisha, nikaona anavyolielekeza, anapapasa upande mmoja kwa kiganja kama anamlaza mtoto, kisha huo upande ndio anaulaza chini. Nilipotoka na kikombe limeshakaa. Nikauliza, lina sura hili? Akasema, "Kila jiwe lina sura, shemeji." Akanywa, akaaga, akasema atapita Jumatano.

Nimefua shuka mbili kulijaribu. Laini. Kioo cha marehemu kipo palepale msumarini, mkono mmoja tu kutoka mlangoni. Nimekitazama kila nilipopita.

Jioni Jirani kaja na mkaa ambao sikuagiza. Kalizunguka jiwe, kainama, kaniuliza kwa sauti ndogo, hili jipya lina nini chini?

Nikamwambia, "Lina udongo," nikaendelea kufua.